Nusukaputi na Nyonga ya Mzee: Johannesburg katika Historia ya Kutuliza Maumivu

Mwaka 1968 daktari wa mifupa wa Johannesburg, Louis Solomon, alichapisha katika jarida la Uingereza la upasuaji wa mifupa utafiti uliotajwa sana baadaye. Alihesabu Waafrika wa mji ule waliovunjika shingo ya fupa la paja, pale kwenye nyonga, akakuta kwamba ni wachache mno wakilinganishwa na hesabu zilizojulikana za Ulaya. Huko Ulaya ajali hii ilikwisha kujulikana kuwa ni msiba wa uzee: bibi anateleza ukumbini, anaangukia ubavu, na hasimami tena. Kwa mujibu wa hesabu ya Johannesburg, wazee wa Kiafrika walikuwa karibu wamesalimika nayo.

Tunaanza na hesabu hiyo kwa sababu inagusa jambo ambalo familia nyingi za wasomaji wetu zinalijua. Iwe Maskati, Dubai, London au Unguja, wengi wetu tumewahi kukaa katika kikao cha usiku kuamua kama bi mkubwa aliyevunjika nyonga akubaliwe kupasuliwa au aachwe apumzike. Hoja inayosikika mara nyingi ni ile ile: "Umri wake hauwezi kuhimili nusukaputi." Makala hii inafuata hofu hiyo ilikotoka, na kuonyesha jinsi wazee walivyoachwa nje ya historia ya kutuliza maumivu kwa njia mbili. Kwanza walidhaniwa kuwa hawawezi kustahimili dawa. Kisha, kwa upande wa Waafrika, walidhaniwa kuwa hawavunjiki.

Maneno yalitangulia hospitali

Pwani yetu ilikuwa na lugha ya kazi hii kabla ya kuwa na vyumba vya upasuaji. Kuganga, katika maana yake ya kale, ni kuunga na kufunga kilichovunjika, na gango ni kipande kinachotumika kuungia. Fundi wa kuunga mifupa aliitwa mhazigi. Kwa Kiarabu kazi hiyo ni jabr na mwenye kuifanya ni mujabbir. Neno hilo hilo jabr ndilo alilolitumia al-Khwarizmi katika karne ya 9 kwa ile hisabati ya kurudisha kilichopungua mahali pake.

Elimu iliyoandikwa nayo ilikuwapo. Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliiweka tiba ya mifupa iliyovunjika na viungo vilivyoteguka katika mlango wa tatu wa maqala ya 30 ya kitabu chake al-Tasrif. Ibn Sina, aliyefariki 1037, aliainisha katika al-Qanun aina 15 za maumivu, akazungumzia dawa za kutia ganzi, na katika hizo aliipa afyuni nafasi ya juu. Afyuni hiyo ilifika mpaka kwetu, Kiswahili kikaiita kasumba. Sayyida Salme bint Said naye, katika kumbukumbu zake zilizotoka Ujerumani mwaka 1886, alieleza maradhi na tiba za nyumbani kwao Zanzibar, na kurasa zake ni katika ushahidi adimu tulionao kutoka ndani ya nyumba zenyewe.

Dawa hizi za kale zilikuwa na kasoro moja kubwa, nayo ni kipimo. Afyuni ya kidonge kimoja haikuwa na nguvu sawa na ya kidonge kingine. Ikipungua, mgonjwa anapiga kelele chini ya mikono ya mhazigi. Ikizidi, pumzi inakatika. Kwa kijana nafasi iliyopo baina ya mambo mawili hayo ni pana kiasi. Kwa mzee, ambaye ini na figo zake huiondoa dawa mwilini polepole, nafasi hiyo ni nyembamba sana. Kwa hiyo mhazigi mwenye busara hakumpa mzee dawa nyingi. Alimfunga, akamlaza, akamwombea.

Neno nusukaputi lilikuja baadaye. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba kaputi inatokana na Kijerumani, kaputt, yaani kilichoharibika au kilichokwisha, na kwamba iliingia katika Kiswahili zama za utawala wa Wajerumani Tanganyika. Mtu au kitu kilichokwisha kikasemwa kimekwenda kaputi. Nusukaputi basi ni nusu ya mauti. Katika nchi za Ghuba jambo lile lile huitwa banj, neno ambalo asili yake ni mmea wa kulewesha na ambalo lina undugu na bangi yetu. Mjukuu aliyezaliwa Maskati anaposema bibi atapewa banj, na bibi mwenyewe akasikia bangi, na shangazi akafasiri kuwa ni nusukaputi, watu watatu wa nyumba moja wanazungumza juu ya sindano moja kwa hofu tatu mbalimbali.

Kutoka Grahamstown hadi mji wa dhahabu

Ili kujua hofu ya nusukaputi ilikotoka, inatubidi turudi kwenye dawa za usingizi za mwanzo na jinsi zilivyofika kusini mwa Afrika.

Kabla ya dawa hizo, tiba ilikuwa kisu na ustahamilivu. Paul Kruger, ambaye baadaye alikuwa rais wa jamhuri ya Makaburu ambamo Johannesburg ilizaliwa, alisimulia katika kumbukumbu zake jinsi bunduki ilivyompasukia ujanani, akajikata mwenyewe mabaki ya kidole gumba, na kidonda kilipoanza kuoza mkono wake ukatiwa katika tumbo la mbuzi lililokuwa bado na joto.

Tarehe 16 Oktoba 1846, hospitalini Boston, Marekani, William Morton alionyesha mbele ya madaktari kwamba mvuke wa etha unaweza kumlaza mgonjwa asihisi kisu. Habari zilisafiri kwa meli na magazeti. Miezi minane tu baadaye, tarehe 16 Juni 1847, daktari William Guybon Atherstone wa Grahamstown, mji unaoitwa leo Makhanda, alitengeneza chombo chake mwenyewe cha kuvutia etha, na kwa hicho akamkata mguu Frederick Carlisle, naibu sherifu wa wilaya ya Albany. Upasuaji huo unahesabiwa kuwa miongoni mwa wa kwanza kufanywa kwa etha nje ya Ulaya na Marekani. Tuzingatie kwamba ulikuwa upasuaji wa mfupa. Tangu siku zake za mwanzo, dawa ya usingizi barani Afrika ilikuwa na uhusiano na mguu.

Atherstone huyo huyo ndiye aliyelitambua, mwaka 1867, jiwe lililookotwa karibu na Mto Orange kuwa ni almasi. Almasi zilileta wachimbaji na mitaji, na mitaji hiyo ndiyo iliyokuwa tayari dhahabu ilipogunduliwa Witwatersrand mwaka 1886, mwaka ule ule wa kumbukumbu za Sayyida Salme. Kambi ya mahema ikawa Johannesburg, na hospitali kuu ya mji ikafunguliwa 1890. Mji wa migodi ni mji wa mifupa iliyovunjika: mwamba huanguka, gari la reli huponyoka, ngazi hukatika. Lakini waliovunjika walikuwa zaidi ni vijana, wengi wao wametoka mbali, kutoka Msumbiji, Nyasa na hatimaye mpaka nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika. Ujuzi wa mifupa na wa usingizi katika mji huo ulikua juu ya miili ya vijana.

Dawa iliyoenea sana zama hizo ilikuwa klorofomu, iliyoanza kutumiwa na James Young Simpson wa Edinburgh mwezi Novemba 1847. Haikuhitaji mtambo. Chupa na kitambaa vilitosha, na ndiyo maana ilifuata majeshi, meli na hospitali za misheni. Lakini mwishoni mwa Januari 1848, kabla hata miezi mitatu haijatimia, msichana wa miaka 15 huko Uingereza, Hannah Greener, alikufa akipewa dawa hiyo kwa ajili ya kung'olewa ukucha wa kidole cha mguu. Klorofomu iliweza kuusimamisha moyo ghafla. Ikiwa iliweza kumfanyia hivyo binti wa miaka 15, moyo wa mzee ulikuwa na tumaini gani?

Hapa ndipo tunapowatetea wazee wetu. Jamaa aliyesimama mlangoni aliona mtu mzima akipapatika chini ya kitambaa, kisha akilegea kama maiti, na mara nyingine hakuamka. Alipokiita alichokiona nusukaputi hakukosea. Wala familia iliyokataa mzee wake asipasuliwe katika zama hizo haikuwa na ujinga. Ilikuwa na hesabu nzuri kwa dawa iliyokuwapo. Tatizo ni kwamba dawa ilibadilika na neno likabaki.

Sindano ya mgongo na msumari wa mfupa

Mabadiliko yalianza Kiel, Ujerumani. Tarehe 16 Agosti 1898, August Bier alimchoma kibarua mmoja sindano ya kokeini katika maji yanayozunguka uti wa mgongo, akampasua kifundo cha mguu akiwa macho na bila maumivu. Siku chache baadaye yeye na msaidizi wake Hildebrandt walijaribiana wao kwa wao, Hildebrandt akapigwa nyundo miguuni kuona kama ganzi imeshika, na wote wawili wakaugua baada ya hapo. Kokeini ilikuwa na sumu, na maumivu ya kichwa yaliyofuata sindano hiyo yakawa maarufu. Hata hivyo mlango ulifunguka. Mtu aliweza kupasuliwa kuanzia kiunoni kwenda chini huku akipumua mwenyewe na akili yake ikiwa hai. Dawa zilizo salama zaidi zilifuata: lidokeini, iliyoundwa na Nils Löfgren wa Sweden mwaka 1943, na bupivakeini mwaka 1957, ambayo mpaka leo ni dawa kuu ya sindano ya mgongo.

Lakini ganzi peke yake haikumsaidia mzee wa nyonga, kwa kuwa hakukuwa na upasuaji wa kumfanyia. Alilazwa kitandani wiki kadhaa, mguu umefungwa uzito wa kuuvuta. Wengi hawakuuawa na mfupa. Waliuawa na kulala: nimonia, vidonda vya mgongo, damu kuganda katika mishipa ya miguu. Mwaka 1925 Marius Smith-Petersen wa Boston alianza kuunga shingo ya fupa la paja kwa msumari wa chuma wenye mapezi matatu. Mwaka 1962 John Charnley wa Uingereza akakamilisha nyonga ya bandia ya chuma na plastiki iliyodumu. Afrika Kusini nayo ilikwisha kuwa na chama cha madaktari wa usingizi tangu 1943, dalili kwamba kazi hiyo ilikuwa imekuwa taaluma yenye watu wake.

Kwa hiyo kufikia miaka ya 1960 vipande vyote vilikuwapo Johannesburg: msumari, sindano, taaluma, na chuo cha tiba cha Witwatersrand. Swali lililobaki ni nani aliyevifikia.

Mlango gani wa hospitali

Katika Johannesburg ya ubaguzi, ajali ilikuwa moja lakini milango ya hospitali ilikuwa mingi. Baragwanath ilijengwa mwaka 1942 kuwa hospitali ya kijeshi ya Waingereza. Mwaka 1948 ikawa hospitali ya raia kwa Waafrika wa upande wa Soweto, na Wazungu wakawa na hospitali zao. Machotara na Wahindi nao walikuwa na pahala pao. Watu wa asili yetu hawakuepuka utaratibu huu. Wale wanaoitwa Wazanzibari wa Durban, kizazi cha waliokombolewa utumwani na kushushwa bandarini hapo kuanzia 1873, walijikuta katika miaka ya 1960 wakiandikwa na serikali kuwa "Waasia wengineo", wakahamishiwa Chatsworth. Kalamu ya karani wa uainishaji iliamua mtaa wa kuishi, na pamoja nao shule na wodi.

Sasa turudi kwenye hesabu ya Solomon ya watu ambao serikali ya wakati ule iliwaita "Bantu". Wataalamu wenzake waliichukulia kwa uzito, na haikuwa rahisi kuufafanua uchache ule kwa uzito wa mfupa pekee. Hatuna sababu ya kuidharau kazi yake. Lakini mwanahistoria akipewa hesabu iliyotegemea hospitali anapaswa kukumbuka kwamba ameshika orodha ya waliofika. Je, wazee wa Kiafrika walikuwa huru kuzeeka Johannesburg? Mwaka 1967, mwaka mmoja kabla ya makala ile, idara ya serikali iliyosimamia mambo ya Waafrika ilitoa waraka wa jumla namba 25. Waraka huo uliwataja wazee, wasiojiweza, wajane na wanawake wenye watoto wa kulea kuwa ni watu wasio na tija katika miji ya Wazungu, wanaopaswa kupelekwa katika maeneo ya makabila yao. Hatusemi kwamba waraka huo ndio uliozaa hesabu ya Solomon. Sheria za kudhibiti Waafrika mijini zilikuwa za zamani zaidi, tangu 1923. Tunachosema ni kwamba mji ulioandaa sindano na msumari ndio mji uliowaambia wazee kwamba uzee wao uende ukakae kwengine. Aliyevunjika nyonga katika kijiji cha mbali, mbali na daktari wa mifupa, hakuingia katika orodha ya mtu yeyote.

Hesabu hiyo ilitembea miongo mingi, ikageuka katika vinywa vya wengi kuwa kanuni: Mwafrika havunjiki nyonga. Kanuni ya namna hiyo ina gharama. Pasipotarajiwa ugonjwa hapaandaliwi kitanda, wala hafundishwi muuguzi. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa hospitali za mikoa mitatu kati ya tisa ya Afrika Kusini. Ulionyesha kwamba Wazungu na Wahindi bado wanaongoza kwa kuvunjika nyonga, lakini Waafrika nao wanavunjika, na kwa kiwango kinachozidi sana kile cha hesabu za zamani. Watu wanaishi zaidi, na sasa wanazeekea mjini. Miongoni mwao wamo wasemaji wa Kiswahili kutoka Kongo na Tanzania walioingia Johannesburg tangu miaka ya 1990, wenye kuishi Yeoville na mitaa ya jirani, na ambao wazazi wao nao sasa wanakuwa wazee.

Maumivu ya asiyelalamika

Unyimwaji mwengine hauna sheria wala waraka. Mwaka 2000 Sean Morrison na Albert Siu wa New York walilinganisha wazee waliovunjika nyonga wenye akili timamu na wale waliopotewa na kumbukumbu kabisa. Hawa wa pili walipewa kiasi cha theluthi moja tu ya mofini waliyopewa wa kwanza, kwa mfupa ule ule uliovunjika. Hawakuwa na maumivu madogo zaidi. Walishindwa kuyasema. Mwaka 2003 Morrison na wenzake walifuatilia wagonjwa 541, wakakuta kwamba waliopewa mofini kidogo mno ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuweweseka: mzee anaita watu waliokwisha kufariki, anang'oa mpira wa dripu, hawatambui wanawe. Familia nyingi huamini kwamba dawa ndiyo iliyompotezea mzee akili, na kweli dawa ikizidi hufanya hivyo. Lakini maumivu yasiyotibiwa nayo huipoteza akili.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Wazee wetu wamelelewa katika subira. Ukimuuliza bibi hali yake atakujibu "sijambo, alhamdulillahi", maana hilo ndilo jibu la adabu, hata nyonga yake ikiwa vipande viwili. Daktari wa Johannesburg au wa Leeds anayeandika "hana maumivu" kwa sababu ya jibu hilo ameandika salamu badala ya dalili. Mzee aulizwe anapogeuzwa, si anapolala kimya. Na aulizwe na mtu wa kwao, kwa lugha yake.

Tiba ya leo haimlazimu mzee kuchagua baina ya maumivu na nusu ya mauti. Mwaka 1989 Bernard Dalens na wenzake wa Ufaransa walieleza, kwa watoto, njia ya kumimina dawa ya ganzi chini ya utando ulio mbele ya nyonga ili mishipa ya fahamu ya paja ife ganzi. Njia hiyo sasa hutumika sana kwa wazee, hata kabla ya kufika chumba cha upasuaji, na hupunguza haja ya mofini. Kuhusu mabishano ya sindano ya mgongo na usingizi kamili, utafiti mkubwa wa Marekani na Canada uliotoka 2021 ulifuatilia wagonjwa 1,600. Baada ya siku 60, waliokufa au kushindwa kutembea walikuwa asilimia 18.5 kwa sindano ya mgongo na asilimia 18.0 kwa usingizi kamili. Kuweweseka nako kulikaribiana. Yaani swali linalokesha vikao vyetu, "alazwe au achomwe mgongoni", kwa wazee wengi si swali linaloamua uhai.

Linaloamua zaidi ni muda, na namna anavyotunzwa. Miongozo ya Uingereza inataka nyonga ipasuliwe siku ya kulazwa au siku ya pili yake. Utafiti wa nchi 17 uliochapishwa 2020 haukuona kwamba kupasua ndani ya saa 6 badala ya saa 24 kunapunguza vifo, ila waliopasuliwa mapema waliweweseka kwa uchache na wakasimama mapema. Saa chache za kushauriana, basi, hazimuui mzee. Siku tano za kuvutana baina ya Unguja, Dubai na Toronto kwa simu, huku amelala bila ganzi, ni jambo jengine kabisa.

Wapo ambao moyo au mapafu yao hayaruhusu upasuaji, na wapo wazee wenye akili timamu wanaoukataa. Hiyo ni haki yao. Lakini hata huyo asiyepasuliwa anastahili ganzi ya nyonga na dawa ya maumivu kwa kipimo cha umri wake. Familia inayokaa kikao ina maswali matatu ya kumuuliza daktari: amepewa nini cha maumivu tangu alipoanguka, atapasuliwa lini, na atasimamishwa lini. Tunawaomba pia wasomaji wenye kumbukumbu za wahazigi wa pwani, dawa walizotumia na wazee waliowahudumia, watuandikie. Orodha za hospitali tunazo. Za waliobaki nyumbani hatuna.